Nyumba Saba za Paka

Mkono wa kwanza kulishika lile boksi ulikuwa wa Henrike, na mpaka leo hakubali habari nyingine.

Ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya Septemba, saa nne asubuhi, na soko la Leipzig lilikuwa limejaa pomoni. Akina mama walisukuma baiskeli zenye vikapu, wazee walinusa uyoga mmoja mmoja kama wanaochagua manukato, moshi wa soseji ulitambaa juu ya vichwa na kengele za tramu zililia nyuma ya vibanda. Kando ya gari la samaki la Mama Petersen lilibaki boksi moja tu, jeupe, la povu gumu, kama yale wanayosafirishia samaki na barafu. Henrike alilishika upande huu. Upande wa pili ukashikwa na mkono mrefu wenye udongo kwenye kucha.

"Kaka, achia. Hilo ni langu."

"Lako? Limeandikwa jina?"

Henrike alikuwa amevaa koti la mvua la manjano na skafu ya kijani aliyoifuma mwenyewe, makosa yote yakionekana. Nywele zake fupi zilikuwa bado hazijakauka, maana alitoka zamu ya alfajiri kwenye bwawa la kuogelea la manispaa, ambako kazi yake ni kuwaokoa wanaozama. Hakuwa mtu wa kunyang'anywa kitu. Akachomoa mfukoni kalamu nene ya wino, akakitoa kizibo kwa meno, na kwa mkono mmoja akaandika juu ya mfuniko, herufi kubwa kama za tangazo la mnada: LA HENRIKE.

"Haya. Sasa limeandikwa."

Kijana alitazama maandishi, kisha akamtazama mwandishi. Suruali yake ya kodrai ilikuwa imepauka magotini, sweta lake la bluu lilikuwa na shimo kwenye kiwiko, na macho yake yalikuwa yameanza kucheka kabla mdomo haujapata taarifa.

"Mimi naitwa Tilo," alisema. "Nakuambia mapema ili siku nyingine ukiiba, ujue umemwibia nani. Unalitakia nini?"

"Paka."

"Unampika?"

"Analala humo! Ni nyumba yake ya baridi. Wewe je?"

"Maua."

"Maua yanalala kwenye boksi la samaki?"

"Mizizi yake. Mpaka Mei. Na haikoromi, tofauti na paka wako."

Mama Petersen, mwanamke wa pwani ya kaskazini mwenye mabega ya baharia, aliinua kisu chake juu ya samaki. "Nyie wawili! Mnagombea takataka zangu, au mnatafuta kisingizio cha kushikana mikono? Wateja wangu wanataka kupita."

Wote wawili wakaachia kwa pamoja. Boksi likaanguka. Wakainama pamoja, wakagongana vichwa, na hapo ndipo Henrike alipocheka, kicheko kilichowageuza hata wale wazee wa uyoga.

"Chukua," alisema Tilo akijisugua paji la uso. "Ila nionyeshe hao paka."

*

Paka walikuwa saba. Hawakuwa na mwenyewe na hawakutaka kuwa naye. Waliishi nyuma ya ukumbi wa chama cha bustani cha Amani ya Jumapili, kule pembezoni mwa mji, ambako watu wa maghorofani hukodi kila mmoja kiwanja chake kidogo cha kupanda maharage na kubishana na jirani. Henrike hakuwa mwanachama. Foleni ya kupata kiwanja ilikuwa ya miaka minne. Alikuwa na ruhusa ya kupita tu, kuwalisha.

Kumbe Tilo alikuwa mwanachama, tena wa kamati. Kiwanja namba arobaini na moja, mwisho wa njia. Kazi yake ya kumpatia riziki ilikuwa kutengeneza piano, lakini mwaka huo chama kilikuwa kimemtwika usimamizi wa maji kwa sababu siku ya mkutano alichelewa kufika, na asiyekuwepo ndiye huchaguliwa.

Ikawa kila Jumapili wanakutana hapo kiwanjani. Tilo alileta chupa ya chai na keki ya plamu iliyopondeka mfukoni. Henrike alileta visu, karatasi za nailoni na gunia la mabua makavu ya ngano.

"Tundu lisizidi kisahani cha kikombe," alimfundisha. "Likiwa kubwa, joto linatoka. Na mlango usitazame magharibi, upepo unatokea huko. Chini weka matofali."

Tilo alishika msumeno. Kabla hajavuta mara mbili, sauti ikapaa kutoka upande wa pili wa ua wa miti. "Leo ni siku gani?"

"Jumapili, Mzee Lorenz," Tilo alimjibu jirani yake kwa unyenyekevu.

"Na Jumapili tunafanya nini?"

"Tunanyamaza, Mzee Lorenz."

Msumeno ukawekwa chini, maana bustanini kelele za Jumapili ni mwiko, wakakata maboksi kwa kisu cha mkate, polepole, wakicheka kimyakimya mpaka mbavu zikauma.

Wiki ya tatu Tilo alikuja na blanketi la sufu, laini, la bei kubwa. "Nimewaletea watoto wako zawadi."

Uso wa Henrike ukabadilika. "Litoe."

"Kwani..."

"Litoe, Tilo."

Ilibidi amweleze. Mwaka jana kulikuwa na paka wa nane, wa rangi ya haradali, naye aliitwa Haradali. Henrike alimfumia blanketi. Aliliweka ndani ya boksi kwa mikono yake na akarudi nyumbani akijiona malaika. Blanketi likanyonya unyevu wa pumzi, likalowa, na usiku ule baridi ilipokaza likaganda kama ubao. Alfajiri alimkuta Haradali amejikunja juu yake, ameganda nalo.

"Mabua hayanyonyi maji," alisema, akitazama pembeni. "Mwaka huu hafi hata mmoja. Sikuahidi mtu mwingine, nilijiahidi mwenyewe."

Tilo alikunja blanketi, akampigia Henrike magoti ili kumfungia kamba ya buti iliyolegea, akachelewa kidogo kuinuka. Alipoinuka akambusu. Mdomo wake ulikuwa na ladha ya plamu.

"Unanukia dawa ya bwawa," alinong'ona.

"Nawe unanuka samaki."

"Basi tumefaana, panya wangu," alisema, kwa jina ambalo wapendanao wa huko huitana.

"Umeniita panya? Mbele ya paka saba?"

Katikati ya Oktoba nyumba saba zilikuwa tayari, zimepangwa kwenye kona ya nyuma ya ukumbi, pale penye majani mazito ya kutambaa ukutani, pasipofika upepo. "Pazuri sana hapa," alisema Tilo, msimamizi wa maji. Paka mzee mwenye jicho moja, mweusi mwenye kidevu cheupe, waliyemwita Mjane, ndiye alikuwa wa kwanza kuingia. Alichagua boksi lenye maandishi LA HENRIKE. Walishikana mikono wakiwa nyuma ya ua, hawapumui, mpaka mkia ulipomalizikia ndani.

Usiku wa siku hiyo simu ililia.

"Umelala?"

"Nimelala. Anayeongea ni mashine."

"Mashine, mwambie bosi wako nampenda."

"Mashine imezimia," alisema Henrike. "Piga tena kesho."

*

Kila mwaka, kabla ardhi haijaganda, bustani za chama hufunga maji. Wanachama wote huja na majembe na mitoroli, kila mmoja hufungua bomba lake, na maji yote ya viwanja mia na ishirini huachiwa yatoke, ili mabomba yasipasuke. Mwaka huo ilipangwa Jumamosi ya kwanza ya Novemba. Redio ilisema Jumapili usiku baridi itashuka nyuzi nane chini ya sifuri.

Henrike alikuwa zamu bwawani mpaka saa nane mchana, simu ikiwa kabatini. Alipoitoa alikuta Tilo amempigia mara tatu. Alipiga. Haipatikani. Alipiga tena akiwa kwenye tramu. Haipatikani.

Alifika bustanini watu wameshaondoka. Getini, kwenye ubao wa matangazo, kulikuwa na karatasi aliyokuwa akiipita kila siku bila kuisoma. Leo aliisoma. "Vitu vyote visivyo vya viwanja viondolewe kabla ya kumaliza kazi ya kufunga maji. Vitakavyobaki vitatupwa." Chini kulikuwa na sahihi tatu. Ya mwisho aliijua, ya Tilo. Mkia wake ulipinda kama alama ya muziki.

Alikimbia mpaka nyuma ya ukumbi. Kona ilikuwa tupu, hakuna boksi, hakuna tofali, hata unyoya. Kulikuwa na tope tu na maji yaliyotuama. Kwenye kontena la taka, juu ya matawi na vyungu vilivyovunjika, lilikuwepo bao jeupe la povu, mfuniko wa boksi, lililovunjika pembe. LA HEN, lilisema. Herufi nyingine zilibaki kwenye ufa.

Mzee Lorenz alikuwa anafunga lango lake.

"Mzee, maboksi ya paka yako wapi?"

"Tilo kayaondoa asubuhi. Kwa mtoroli. Ana haraka kama anayefukuzwa." Alikohoa. "Kamati ni kamati, binti yangu."

Henrike aliuweka ule mfuniko kwapani, akaondoka bila kuaga.

Soko lilikuwa linafungwa. Mama Petersen aliposikia, alifungua mlango wa nyuma wa gari. "Haya manne nilikuwa namwekea yule yule wa maua. Ameshindwa kufika. Chukua, potelea mbali. Na usilie hapa, samaki wangu wana chumvi ya kutosha."

"Silii."

"Basi pua yako inavuja."

Saa kumi na moja jioni kengele ya mlango wa chini ikalia. Henrike aliinua kisemeo, simu ya ukutani ya kuongea na walio mlangoni.

"Nani?"

"Ni mimi. Henrike, nisikilize. Simu yangu imetumbukia kwenye shimo la..."

"Sahihi ile ni yako au si yako?"

"Ipi? Ya ubaoni? Yangu, lakini kila mwaka huwa tuna..."

"Nilikusimulia habari za Haradali. Nilikusimulia wewe!"

"Panya wangu..."

"Usiniite panya!" Alirudisha kisemeo kwa kishindo. Kengele ililia tena mara mbili, kisha chini kikasikika kifuniko cha sanduku la barua, kisha hatua. Alisimama nyuma ya pazia akamtazama akivuka barabara. Suruali ya kodrai ilikuwa imelowa mpaka mapajani. Alimwonea huruma, akajikasirikia kwa kumwonea huruma, akachukua kisu cha mkate na kuanza kutoboa matundu kwenye boksi la kwanza.

*

Jumapili theluji ya kwanza ilikuwa imeanguka, nyembamba kama unga uliopepetwa. Henrike aliyafunga maboksi manne kwenye mkokoteni wa nyuma ya baiskeli, akapakia gunia la mabua na kuondoka bila kunywa chai. Usiku wa nyuzi nane ulikuwa ndio huo unaokuja. Maboksi manne kwa paka saba; wangebanana, lakini wangebanana wakiwa hai. Kama wapo bado. Hofu hiyo hakuitamka.

Alipopinda nyuma ya ukumbi, breki zilimponyoka.

Kona yote ilikuwa barafu. Kuanzia ukutani mpaka kwenye ua wa miti, kioo kimoja kinene, na ndani yake majani yamenasa kama nzi kwenye asali. Pale kwenye majani ya kutambaa, yalipokuwa yamefyekwa jana, bomba kubwa la chuma lilitoa mdomo. Lilikuwa limefichika miaka yote. Maji ya viwanja mia na ishirini yalikuwa yametokea hapo hapo, juu ya matofali ya nyumba zake, na kuganda usiku.

Henrike alikaa chini, kwenye theluji, koti la manjano na yote. Aliona kwa macho yake maboksi saba yakielea. Aliona mabua yakilowa. Alimwona Mjane.

Kisha akaona nyayo. Vidoti vinne vinne, vidogo, vipya. Vilizunguka ukingo wa barafu, vikaungana na vingine, vikawa kinjia kimoja chembamba kinachonyooka kando ya ua, kinapita kiwanja baada ya kiwanja, bila kugeuka, mpaka namba arobaini na moja. Hapo vilizama chini ya ua wa miti, kwenye tundu lililokatwa kwa mkasi, mviringo, saizi ya kisahani.

Kutoboa ua wa chama lilikuwa kosa la mtu kunyang'anywa kiwanja chake.

Alisukuma lango. Chini ya baraza la kibanda cha Tilo, juu ya matofali yaliyopangwa kwa kamba ya fundi, zilisimama nyumba saba, migongo magharibi. Mabua yalichungulia kwenye kila tundu. Boksi la mwisho lilikuwa jipya, na juu yake, kwa mwandiko wenye mikia iliyopinda kama alama za muziki, liliandikwa: LA HENRIKE. Jicho moja la kijani lilimtazama kutoka ndani, likafumba kwa dharau.

Tilo alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, amejifunga lile blanketi la sufu, kikombe mkononi. Macho yalikuwa mekundu.

"Usipige kelele," alisema kwa sauti ya chini. "Yule paka wa rangi mbilimbili amekuja sasa hivi tu. Nilikuwa namsubiri. Wametimia saba."

"Umekaa hapa tangu lini?"

"Tangu kulipokucha. Nimewavuta kwa dagaa wa kopo, njia nzima. Jirani atanishitaki." Alijaribu kutabasamu. "Jana asubuhi ndipo Mzee Lorenz aliponipa ramani ya mabomba. Naifungua, naona mdomo wa bomba la kutolea maji uko pale pale! Na nilikuambia mwenyewe pazuri. Nimekupigia, hupokei, watu wameshika majembe wananisubiri. Boksi lako la kwanza likavunjika kwenye mtoroli. Nikaona nikupe langu."

"Na kile kikaratasi?"

"Kinabandikwa kila mwaka, maneno yale yale. Nilisaini bila kusoma. Hilo ni kosa langu, sina cha kujitetea. Lakini kila kitu nilikuandikia kwenye barua. Hukusoma?"

"Leo Jumapili! Nani anafungua sanduku la barua Jumapili?"

Wakatazamana. Henrike ndiye alianza kucheka, kisha kicheko kikageuka kilio, kisha hakikujua kiwe nini. Alimwangukia kifuani na blanketi lake.

"Nisamehe," alisema ndani ya sufu. "Nilikuona unavuka barabara umelowa, na sikushuka."

"Nilikuona pazia linatikisika. Nikajua bado nipo nipo moyoni mwako."

Alipoinua uso, aliona ndoo tatu kwenye kona ya baraza, zimefunikwa magazeti. Alifunua moja. Mizizi minene kama vidole vya mzee, imefungwa vibandiko. Alijua ni nini. Tilo alishamwonyesha Oktoba: maua ya dahlia mekundu yenye ncha nyeupe, aliyoyazalisha bibi yake, yasiyopatikana kwenye bustani nyingine yoyote. Bibi alikuwa na miaka sita kaburini, na maua yalikuwa yakichanua bado.

"Tilo. Hii haina boksi."

"Langu ndilo hilo la Mjane."

"Usiku wa leo ni nyuzi nane! Hii itaoza yote. Mbona hukuipeleka kwako?"

"Hita za nyumbani zinaikausha inakuwa kama karatasi. Na jana nilikuwa na mikono miwili tu, Henrike. Nilichagua."

Alisema hivyo tu, bila kujisifu, huku akisogeza gazeti lifunike vizuri. Henrike aligeuka akakimbia mpaka nyuma ya ukumbi. Alirudi akivuta mkokoteni, theluji ikimruka visiginoni, maboksi manne yakigongana.

"Ya Mama Petersen," alisema akihema. "Yalikuwa yako tangu mwanzo. Yana matundu, lakini matundu tutayaziba kwa skafu yangu. Usibishe, ni mbaya, naijua."

Walifanya kazi magoti yao yakigusana. Mabua chini, mizizi juu, mabua tena. Skafu ya kijani ilikatwa vipande vinne, na kwa mara ya kwanza ikawa na faida. Kabla ya saa sita mchana kila mzizi wa bibi ulikuwa umelala ndani ya kibanda, na nje paka saba walikuwa wamekula, wamejilamba na kurudi kulala.

Tilo alinawa mikono kwa theluji. Kisha akatoa ndani ya kibanda bahasha iliyokunjwakunjwa.

"Ni mkataba wa kiwanja," alisema, masikio yakiwa yamewiva. "Nilikuwa niulete Krismasi. Chini hapa kuna mstari wa jina la pili. Asiyekuwa ndugu anasubiri foleni miaka minne. Ila mke wa mwenye kiwanja... yeye hasubiri."

Henrike alishika kiuno. "Ngoja kwanza. Unanichumbia, au unanipangisha?"

"Vyote. Kuchumbia kwanza."

"Yaani niolewe ili niruke foleni?"

"Uolewe kwa sababu nakupenda mpaka nimetoboa ua wa chama. Foleni ni nyongeza."

"Ndiyo!" alipiga ukelele ulioangusha theluji kwenye matawi. "Ndiyo, wewe mjinga mrefu!"

"Leo ni siku gani?" ikapaa sauti kutoka upande wa pili.

"Jumapili, Mzee Lorenz!" wakaitikia wote wawili.

"Basi harusi ifanyike Jumamosi," ilisema sauti. "Tupige kelele."

Henrike akaitoa kalamu yake nene, akakitoa kizibo kwa meno, akalaza mkataba juu ya boksi la Mjane. Aliandika jina lake kwenye mstari wa pili, herufi kubwa kama za tangazo la mnada, wino ukavuja mpaka ukurasa wa nyuma.

"Haya," alisema. "Sasa limeandikwa."